Uzi: Karatasi mbili za kaboni, digrii 1.1, ukinzani sifuri. Nini hasa kinazifunga elektroni?

#1 KaboniSita (mleta mada)

Habari wakuu. Kuna jambo linaninyima usingizi, nimeona nililete hapa penye vichwa vingi.

Grafini mnaijua: kaboni iliyojipanga kwa pembesita, unene wake atomu moja. Tabaka likiwa moja, elektroni zinakimbia karibu mita milioni moja kwa sekunde na kila moja inashika njia yake bila kujali wenzake. Sasa chukua matabaka mawili, lilaze moja juu ya jingine, la juu ulizungushe kidogo tu, digrii 1.1. Hujatia kemikali, hujang'oa atomu hata moja. Lipoze hadi karibu na sifuri halisi, kisha ongeza au punguza elektroni kwa volteji ya geti, yaani bamba la umeme lililo karibu yake. Kaboni ileile inageuka kihami, haipitishi umeme. Sogeza volteji kidogo, ukinzani unaporomoka hadi sifuri: huo ndio usuperkondakta. Kundi la Pablo Jarillo-Herrero kule MIT, Yuan Cao akiwa mbele, lilitoa matokeo yote mawili kwa pamoja Machi 2018.

Kinachonisumbua ni hiki: elektroni husukumana. Nini kinazifanya zishikane mbili mbili humo ndani? Mimi nasema jibu liko kwenye msukumano wao wenyewe, si kwenye mtikisiko wa atomu. Anayepinga aje na ushahidi.

#2 MsomajiKimya

Naweka kambi hapa. Ila kabla hamjafika mbali, kwa nini 1.1? Kwa nini isiwe 5, au 20?

#3 DadaHesabu

MsomajiKimya, swali lako ndilo mlango wa nyumba yote.

Laza vipande viwili vya wavu mwembamba kimoja juu ya kingine, uzungushe cha juu kidogo kidogo. Utaona madoa makubwa yanajitokeza, ambayo hayamo kwenye wavu wowote kati ya hiyo miwili. Hiyo ndiyo ruwaza ya muare. Kadiri pembe inavyopungua, madoa yanatanuka. Umbali kati ya doa na doa ni nanomita (nm) 0.246, yaani umbali ambao ruwaza ya grafini hujirudia, ukigawa kwa mara mbili ya saini (sine ya hesabu) ya nusu ya pembe. Weka digrii 1.1, unapata karibu nm 13. Chumba kimoja cha muare kinabeba atomu takriban 11,000.

Sasa elektroni iliyo ndani ina mambo mawili yanayoivuta. La kwanza ni mwendo wake ndani ya tabaka lake: kwa pembe hii, nishati ya kutoka koni (umbo la nishati za elektroni kwenye grafini) ya tabaka la chini hadi koni ya tabaka la juu ni kama milielektronivolti 190, kizio kidogo cha nishati. La pili ni uwezo wa kuruka kutoka tabaka hadi tabaka, kama milielektronivolti 110. Pembe ikiwa kubwa, la kwanza linashinda kwa mbali, na kila tabaka linaishi kivyake. Ukiipunguza, la kwanza linashuka lakini la pili linabaki palepale. Uwiano ukifika karibu 0.6, kasi ya elektroni inafutika. Bendi, yaani nishati ambazo elektroni zinaweza kuwa nazo, inalala bapa. Rafi Bistritzer na Allan MacDonald, chuo kikuu cha Texas pale Austin, walilipiga hesabu hili mwaka 2011 na kupata pembe ya kwanza karibu digrii 1.05. Miaka 4 kabla yao, Lopes dos Santos, Peres na Castro Neto walishaonyesha kwamba kasi hupungua matabaka yakizungushwa.

Kwa hiyo si uchawi, ingawa wenyewe wanaiita pembe ya ajabu. Ni mizani.

#4 TopeLaZebaki

Hii kitu naikumbuka! Ndiyo iliyowapa Geim na Novoselov Nobeli. Na joto lake lilikuwa kelvini 17, kubwa kuliko zebaki ya Onnes, superkondakta ya kwanza, ya 1911.

#5 BiKelvini

TopeLaZebaki, pole pole ndugu yangu. Geim na Novoselov walipata Nobeli 2010 kwa grafini yenyewe, ile waliyoibandua kwa utepe wa gundi kule Manchester mwaka 2004. Kuzungusha si kazi yao. Na joto ni kelvini 1.7, nukta imekuponyoka. Zebaki ni 4.2, kwa hiyo zebaki bado iko juu.

Lakini usiidharau hiyo 1.7. Elektroni zinazobeba mkondo humo ni kama bilioni 100 tu kwa sentimita moja ya mraba. Ni chache mno. Kwa uchache huo, 1.7 ni joto kubwa kuliko linavyosikika.

#6 TopeLaZebaki

Nimekubali nukta. Jina langu lenyewe linanisuta.

#7 MzeeFononi

KaboniSita kijana wangu, umetamba mapema.

Tangu 1957 tunajua njia moja ya kuzifunga elektroni ambayo imefanya kazi kwenye metali baada ya metali: elektroni inapita, atomu zinavutika kuifuata, elektroni ya nyuma inaufuata ule mvuto. Fononi, yaani mtikisiko wa atomu. Bendi ikiwa bapa, hali za elektroni zinarundikana kwenye nishati ileile, na hata fononi dhaifu inapata nguvu. Si lazima utafute mchawi mpya wakati mwenyeji yupo sebuleni.

Ushahidi umeutaka, haya. Barcelona, kundi la Dmitri Efetov, mwaka 2020: walisogeza geti ya metali karibu sana na grafini, kati yake pana boroni-nitridi, ambayo ni kihami, nyembamba mno. Metali ikiwa karibu hivyo inauzima msukumano wa elektroni. Vihami vikatoweka. Usuperkondakta ukabaki! Andrea Young na wenzake Santa Barbara nao wakaona usuperkondakta mahali ambapo vihami havipo. Kama msukumano ndio mama wa mambo yote mawili, mbona mtoto mmoja amekufa na mwingine yu hai?

#8 KaboniSita

Mzee wangu, shikamoo. Hoja nzito, lakini kuzima nusu si kuzima kabisa. Msukumano uliobaki unaweza kuwa mdogo kwa kutengeneza kihami na bado ukatosha kufunga jozi.

Na wewe nieleze hili: mwaka 2021 kundi la Ali Yazdani kule Princeton lilipitisha ncha ya hadubini juu ya sampuli na kupima pengo la nishati, yaani nishati ya kuivunja jozi. Fononi za kawaida hutoa pengo lenye kitako bapa, kama bakuli la mstatili. Wao waliona umbo la V. Maana yake kuna pande ambako pengo linafika sifuri. Hilo ni umbo la oksidi za shaba, superkondakta za joto la juu, si la zebaki.

#9 MzeeFononi

Marahaba. V nimeiona. Lakini V inakwambia umbo la jozi, haikwambii nani alifunga ndoa.

#10 FundiTabaka

Naomba niwatoe kwenye hesabu niwapeleke mezani, maana mnabishana kuhusu digrii 1.1 kama vile inauzwa kwa kipimo.

Hizi sampuli nazitengeneza kwa mikono. Unaanza na kipande cha grafini juu ya silikoni yenye oksidi. Chini ya hadubini mandhari ni ya zambarau, na tabaka moja la grafini ni kivuli hafifu tu, zambarau iliyokolea kwa kiasi cha kukufanya ujiulize kama umeona au umetamani. Unashusha stempu ya plastiki laini yenye boroni-nitridi hadi iguse nusu ya kipande. Unanyanyua taratibu, grafini inachanika pale pale kwenye ukingo wa boroni-nitridi. Nusu imepanda, nusu imebaki chini. Unazungusha jukwaa, kisha unashusha tena kuokota ile iliyobaki. Kwa kuwa nusu zote mbili zimetoka kipande kimoja, unajua mwelekeo wao wa mwanzo ulikuwa mmoja. Njia hiyo ilitoka kwenye kundi la Emanuel Tutuc, palepale Austin alipo MacDonald.

Sasa matatizo. Matabaka haya hayapendi digrii 1.1. Yanapenda sifuri. Ukipasha moto kupita kiasi ili kufukuza viputo, nusu ya juu inateleza na kurudi ilikotoka. Mwaka jana nilikuwa na sampuli safi, haina kiputo hata kimoja, nimelenga 1.15 kwa sababu najua itajilegeza kidogo. Nikaweka vituo vya umeme, nikapoza. Kati ya kituo cha 3 na cha 4, ukinzani ukaanza kuporomoka vizuri chini ya kelvini 2, mapigo ya moyo yakanipanda. Ukashuka hadi ohm 300 hivi ukagoma. Kati ya 4 na 5, mikroni chache tu pembeni, hakuna kilichotokea kabisa. Nilipohesabu pembe kutokana na volteji inayojaza bendi, upande mmoja ulikuwa 1.07 na mwingine 0.98. Sampuli ileile, siku ileile!

Na si mikono yangu peke yake. Kundi la Eli Zeldov kule Weizmann lilichora ramani ya pembe ndani ya sampuli mwaka 2020, wakakuta inabadilika hadi kama digrii 0.1 kutoka kona hadi kona. Kwa hiyo mtu akiniambia "vihami vimetoweka, usuperkondakta umebaki", mimi la kwanza nauliza: mkondo wako ulipita njia gani?

#11 MsomajiKimya

FundiTabaka, asante. Hapo kwenye "umeona au umetamani" nimejikuta nashikilia pumzi.

#12 TopeLaZebaki

Swali dogo kwa Fundi: unajuaje pembe kwa volteji?

#13 FundiTabaka

Kila chumba cha muare kinapokea elektroni 4 tu kwenye bendi bapa: mizunguko (spini) miwili mara mabonde mawili, yaani makundi mawili ya mwendo wa elektroni kwenye grafini. Zikijaa 4, ukinzani unapanda ghafla. Ukijua geti ilimimina elektroni ngapi hadi hapo, unajua vyumba ni vingapi, kwa hiyo ukubwa wa chumba, kwa hiyo pembe. Zikiwa 2 ndipo kihami kile cha 2018 hutokea. Zikiwa 3, tena sampuli ikiwa imelingana na boroni-nitridi, inakuwa sumaku. Kundi la David Goldhaber-Gordon kule Stanford waliliona hilo 2019. Sumaku kutokana na kaboni tupu, hakuna chuma hata chembe.

#14 BiKelvini

Mnabishana kuhusu ukinzani sifuri na mnaruka jambo ambalo kwangu ni geni zaidi: ukinzani *kabla* ya kufika sifuri.

Metali ya kawaida ukiipoza sana, ukinzani wake hupungua kwa mraba wa joto au haraka zaidi, kisha unatulia. Grafini hii inapungua kwa mstari ulionyooka. Mteremko wake ni mkali, unafikia kama ohm 100 kwa kila kelvini moja. Timu ya MIT waliuita mwaka 2020 metali ya ajabu: ukipiga hesabu ya muda elektroni inaokaa kabla ya kugongwa, unapata karibu na ħ ukigawa kwa kBT (ħ na kB ni namba za asili zisizobadilika, T ni joto), kikomo kile cha Planck. Hakuna sifa ya elektroni yenyewe kwenye hesabu hiyo. Ni joto na namba za asili, basi. Oksidi za shaba zinafanya hivyohivyo.

Kundi la Young nao walikuwa wameshaupima mstari huo mwaka 2019, kwa pembe kadhaa. Data zinafanana. Tafsiri ndiyo zinagombana.

#15 MzeeFononi

Hapo umenileta nyumbani, binti yangu. Mstari ulionyooka ni kazi ya kawaida ya fononi! Juu ya joto fulani, idadi ya fononi inakua sambamba na joto, na ukinzani unafuata. Kwenye shaba joto hilo ni la juu. Kwenye grafini iliyozungushwa elektroni ni chache, duara lao la mwendo ni dogo, kwa hiyo joto hilo linashuka hadi kelvini chache. Na mteremko ni mkali kwa kuwa kasi ni ndogo: kasi ikipungua mara 10, mgongano unakua mara 100. Sankar Das Sarma na Fengcheng Wu wameliandika hili kwa kirefu.

#16 BiKelvini

Mzee, ningekubali kama mstari ungeishia kwenye hizo kelvini chache. Mwaka 2022 Barcelona walichukua sampuli safi wakapima kuanzia kelvini 20 hadi 0.04. Kwa ujazo fulani wa elektroni mstari ulinyooka njia nzima. Kwenye 0.04 fononi zimelala fofofo. Nani anayezigonga elektroni huko chini?

#17 MzeeFononi

Hilo la 0.04 linanipa shida, sifichi. Labda kuna taratibu mbili, moja juu nyingine chini, na mistari yao imekutana kwa bahati.

#18 BiKelvini

Mistari miwili tofauti kukutana bila hata kikunjo? Bahati hiyo mimi siiamini.

#19 Pembetatu

Nimechelewa uzi, samahani. Natoka nje kidogo ya mada ila nitarudi.

Kuna jambo la kushangaza walilolipata 2021 kundi la Shahal Ilani (Weizmann) na kundi la Young, kila mmoja kwa njia yake. Karibu na elektroni 1 kwa kila chumba, ukipasha sampuli *moto* inapangika zaidi. Tumezoea joto kuvuruga. Hapa ilivyo baridi elektroni ni kimiminika huru, ukiipasha zinajigawa na kukaa kila moja kwenye chumba chake. Heli-3 hufanya hivi: ukiipasha kimiminika, kwa mgandamizo sahihi, inaganda. Siri ni entropia, kipimo cha wingi wa namna vitu vinavyoweza kujipanga. Elektroni iliyokaa chumbani haiendi popote, lakini kisumaku chake kiko huru kuelekea kokote, na uhuru huo ni entropia nyingi. Walipoweka uga wa sumaku kuvifunga visumaku, entropia ikaondoka.

Narudi kwenye mada: kama visumaku huru vipo juu ya kelvini chache, basi ndivyo vinavyozigonga elektroni za BiKelvini. Si fononi wala kikomo cha Planck. Zhida Song na Andrei Bernevig mwaka 2022 walionyesha kwamba bendi bapa inaweza kuandikwa upya kama elektroni za aina mbili, nzito zilizokaa kwenye madoa na nyepesi zinazopita katikati. Nyepesi zinagongana na nzito.

#20 KaboniSita

Hii nimeipenda. Ila kwenye 0.04 visumaku navyo vingekuwa vimeshajipanga, sivyo?

#21 Pembetatu

Ndiyo. Hapo nami nakwama na BiKelvini.

#22 MsomajiKimya

Naomba niulize la kijinga. DadaHesabu #3 kasema kasi ya elektroni inafutika. Kama kasi ni sifuri, mkondo unapitaje? Tena mkondo bila ukinzani?

#23 DadaHesabu

Si la kijinga hata kidogo, limeumiza vichwa vya wakubwa. Kwa kanuni ya vitabuni, ugumu wa mkondo-kamili, yaani uthabiti wa mkondo usio na ukinzani dhidi ya kuvurugwa, unategemea kasi. Bendi ikiwa bapa kabisa, ugumu ungekuwa sifuri na usuperkondakta usingesimama.

Kinachookoa ni jiometria ya mawimbi yenyewe. Kwenye bendi hii huwezi kulifungia wimbi la elektroni likae chumba kimoja tu. Lazima liwagusie majirani. Elektroni haiendi, lakini mkono wake umefika kwa jirani. Jozi zinapokezana kupitia mikono hiyo. Päivi Törmä na wenzake walikuwa wakiitetea hoja hii kwa bendi bapa kwa jumla. Februari 2025, makundi mawili, la MIT kwenye matabaka mawili na la Harvard kwenye matabaka matatu, yalitoa vipimo vya ugumu huo vya moja kwa moja kwa mawimbi ya maikro. MIT wakakuta ni mkubwa mara 10 hivi kuliko kanuni ya kawaida inavyoruhusu. Na ulivyobadilika na joto uliunga mkono ile V ya KaboniSita.

#24 KaboniSita

Mzee Fononi, umesoma hapo mwisho?

#25 MzeeFononi

Nimesoma, hongera. Na wewe soma hili. Desemba 2024 kulitoka vipimo vya mwanga unaong'oa elektroni. Sampuli zenye usuperkondakta zilionyesha nakala za bendi bapa, moja chini ya nyingine, zimeachana sawasawa kwa kama milielektronivolti 150. Ngazi ya vidato sawa namna hiyo ni alama ya elektroni iliyofungwa na fononi moja mahususi. Sampuli zilizolingana na boroni-nitridi, ambazo hazina usuperkondakta, hazikuwa na nakala. Hapo fononi imekutwa eneo la tukio.

#26 Pembetatu

Kukutwa eneo la tukio si kutenda. Kulingana na boroni-nitridi kunabadilisha mambo mengi kwa wakati mmoja, ulinganifu wa matabaka ukiwemo. Na Caltech 2020 walipoweka tungsteni-diselenidi kati ya grafini na boroni-nitridi, usuperkondakta ulionekana hadi digrii 0.79, nje kabisa ya pembe ya ajabu. Hilo mimi naona linatikisa kambi zote mbili.

#27 TopeLaZebaki

Je, haiwezekani ikawa vyote viwili? Msukumano unachagua umbo, fononi inaongeza nguvu?

#28 MzeeFononi

Kuna wanaosema hivyo. Siwapingi kwa sauti kubwa.

#29 KaboniSita

Mimi nawapinga kwa sauti ya wastani. Kama ni vyote, mtu anionyeshe kipimo kimoja ambacho ukikaza msukumano tu, bila kugusa pembe, joto la usuperkondakta linapanda.

#30 BiKelvini

KaboniSita, kipimo cha namna hiyo kipo na hakikupendelei. Mwaka 2021 kundi moja liliweka grafini nyingine ya matabaka mawili nm 3 tu pembeni, ikawa pazia wanaloweza kulikaza na kulilegeza kwa geti. Walipokaza pazia, yaani msukumano ukapungua, joto *likapanda*.

#31 KaboniSita

Nimeisoma sasa hivi kwa mara ya pili. Sina jibu la leo. Naenda kulala nayo.

#32 FundiTabaka

Wakati mnalala, mimi niko maabara. Sampuli mpya, safari hii nimeacha kuipasha kabisa hata kama ina kiputo kimoja kwenye ukingo. Nimeweka vituo karibu karibu, kila mikroni 2, ili nijue pembe ya kila kipande kabla ya kusema lolote. Kwa joto la chumba, ukinzani unafanana kwa jozi 6 kati ya 8.

#33 MsomajiKimya

Imefika wapi?

#34 FundiTabaka

Kelvini 9 na inashuka. Jozi ya pili imeshaanza kunyoosha mstari wa BiKelvini.